Quantum ESPRESSO mbele ya pengo la oksijeni: tathmini baada ya miaka mitano ya matumizi

Kwa miaka mitano nimeitumia programu ya Quantum ESPRESSO kwa kazi ambayo ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: kuondoa atomu moja ya oksijeni katika fuwele ya titanati ya risasi, kisha kuhesabu kile ambacho atomu zilizobaki zinafanya. Nimeitumia mwenyewe, nimewafundisha wanafunzi wa uzamili kuitumia, na nimeiendesha kwenye mashine za kila namna, kuanzia kompyuta mpakato ya mwanafunzi hadi foleni ya kompyuta kubwa iliyo nchi nyingine. Tathmini hii nawaandikia wanaofikiria kuanza utafiti wa kasoro za atomu katika fuwele za feroelektriki na wanaotaka kujua iwapo programu hii ya bure inatosha. Jibu langu ni kwamba inatosha, na kwa fuwele isiyo na kasoro inatosha bila taabu yoyote. Lakini kasoro ikishaingia, sehemu kubwa ya kazi humwangukia mtumiaji mwenyewe, na anayeanza bila kulijua hilo atapoteza miezi.

Nianze na fuwele yenyewe. Titanati ya risasi ina atomu tano katika kila seli msingi: risasi kwenye pembe, titani katikati, na oksijeni tatu kwenye nyuso. Joto likipita takriban nyuzi 490 za Selsiasi, seli hiyo huwa mchemraba kamili na titani hukaa katikati kabisa. Joto likishuka chini ya hapo, mchemraba hurefuka upande mmoja, titani na risasi husogea kuziacha oksijeni nyuma, na kila seli hupata ncha chanya na ncha hasi. Hali hiyo ndiyo tunayoiita polaraizesheni, na kinachoipa fuwele jina la feroelektriki ni kwamba volteji ya kutosha inaweza kuigeuza ielekee upande wa pili, nayo ikabaki huko hata volteji ikiondolewa. Ndugu yake, ambayo ndani yake sehemu ya titani imepisha zirkoni, ndiyo inayotoa cheche katika kiwashio cha jiko la gesi, na ndiyo iliyomo katika kifaa ambacho mhudumu wa ultrasaundi humpitishia mama mjamzito tumboni.

Fuwele hizi huokwa kwa joto kali, na katika joto hilo oksidi ya risasi hufuka na oksijeni hutoroka, zikiacha nafasi tupu. Hapa Kiswahili kimetufaa sana, maana kina maneno mawili ambayo kila mmoja anayajua kutokana na kinywa chake: pengo ni pale jino lilipong'oka, na mwanya ni uwazi wa kuzaliwa nao. Mimi darasani huita pengo ile nafasi iliyoachwa na atomu, na huita mwanya ule ukanda wa nishati ambamo elektroni haziruhusiwi kukaa katika fuwele nzima isiyo na kasoro. Nitayatumia hivyo hapa.

Pengo la oksijeni lina lawama yake katika historia. Kumbukumbu za kielektroniki zilizotengenezwa kwa fuwele hizi zikiwa na elektrodi za platini zilijulikana kwa kuchoka: zikigeuzwa mara nyingi mno, kiasi cha polaraizesheni kinachokubali kugeuka hupungua. Mwaka 1998 Park na Chadi walionyesha kwa hesabu kwamba pengo lililo kwenye mnyororo wa titani na oksijeni hubadilisha kwa kiasi kikubwa mpangilio wa polaraizesheni inayolizunguka, na mwaka 2003 He na Vanderbilt walionyesha kwamba mapengo hupendelea kukaa kwenye kuta zinazotenganisha kanda za polaraizesheni zinazoelekea pande tofauti, yakiushikilia ukuta mahali pake kama kigingi. Maabara inaweza kukuonyesha kwamba fuwele imechoka. Kuliona pengo moja likifanya kazi yake ni jambo ambalo hesabu inaliweza vizuri zaidi, na ndiyo sababu uchaguzi wa programu si jambo dogo.

Quantum ESPRESSO ni mkusanyiko wa programu kadhaa zilizoandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha ya Fortran na kutolewa chini ya leseni huria ya GPL. Mizizi yake iko Trieste nchini Italia, na makala zake kuu za utambulisho zilitoka mwaka 2009 na 2017. Msingi wake ni nadharia ya msongamano wa elektroni, iliyojengwa na Hohenberg na Kohn mwaka 1964 na kupewa umbo la kutumika na Kohn na Sham mwaka 1965, ambayo humwezesha mtu kupata nishati ya atomu nyingi zilizo pamoja kutokana na msongamano wa elektroni zake bila kufuatilia kila elektroni dhidi ya kila nyingine. Kwetu Afrika Mashariki programu hii si ngeni. Shule ya ASESMA, inayowafundisha vijana wa Afrika hesabu za aina hii tangu mwaka 2010, ilifanyika Eldoret mwaka 2012, na Quantum ESPRESSO imekuwa chombo chake kikuu cha mazoezi. Watu niwajuao wanaofanya kazi hii leo wengi wao walishika faili lao la kwanza katika shule hiyo au kwa mtu aliyetoka huko.

Kuiweka kwenye mashine ya Ubuntu ni amri ya mstari mmoja, na mwanafunzi anaweza kuwa na jibu la kwanza kabla ya chakula cha mchana. Kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake huchukua muda zaidi, lakini ninashauri kila anayekusudia kazi ya kasoro afanye hivyo, kwa kuwa toleo lililojengwa kwa maktaba za hesabu zinazoifaa mashine yako huenda kwa kasi zaidi, na katika kazi inayochukua siku sita tofauti hiyo inaonekana kwenye kalenda. Mwongozo wa vigezo umeandikwa kwa uangalifu, kila kigezo kikiwa na maelezo yake na thamani ambayo programu huchukua usipoitaja, na mifano inayokuja pamoja na msimbo inafanya kazi. Hakuna dirisha lenye vitufe. Kila kitu huandikwa kwenye faili la maneno matupu. Wanafunzi hulalamika wiki ya kwanza. Baadaye hulipenda, kwa sababu faili hilo lina kila uamuzi walioufanya, na mwalimu anaweza kulisoma akajua kosa liko wapi.

Kwa fuwele isiyo na kasoro, programu inanipa karibu kila ninachohitaji. Jaribio ninalompa kila anayeanza ni kupata uwiano wa urefu na upana wa seli ya titanati ya risasi, ambao vipimo vya maabara huuweka karibu 1.06. Makadirio ya zamani ya LDA huupunguza kidogo (makadirio hapa ni kanuni ya kukisia namna elektroni zinavyoathiriana). Makadirio ya PBE ya mwaka 1996, ambayo watu wengi huyachagua kwa mazoea, huurefusha mno hadi ukafika takriban 1.2, na seli inakuwa ndefu kuliko fuwele yoyote ya aina hii iliyowahi kushikwa mkononi. Makadirio ya PBEsol ya mwaka 2008 huurudisha karibu na ukweli. Jambo hili si kosa la programu, kwani makadirio hayo yatakupa majibu yale yale katika programu nyingine yoyote, lakini mtu anayechukua PBE kwa sababu ndiyo iliyo kwenye mfano, kisha akang'oa oksijeni katika seli iliyorefuka namna hiyo, anachunguza kasoro ya fuwele isiyokuwepo. Sudopotenshali nazo, yaani yale mafaili yanayosimama badala ya elektroni za ndani za kila atomu, zinapatikana bure na kwa ubora mzuri. Mimi hutumia zaidi maktaba ya GBRV kutoka Rutgers, ambayo miongoni mwa walioiandaa wamo Rabe na Vanderbilt, watu walioutumikia utafiti wa feroelektriki kwa miongo. Imeundwa ifanye kazi kwa kikomo cha nishati cha Rydberg 40 tu (kikomo hiki huamua wingi wa mawimbi bapa, yaani mawimbi sahili ambayo programu huyajumlisha ili kuzieleza elektroni), na hiyo ni nafuu kubwa kwa mwenye mashine ndogo.

Sasa pengo. Kwa kuwa programu huirudia seli yako pande zote bila mwisho, huwezi kung'oa oksijeni katika seli ya atomu tano, maana utakuwa umeng'oa theluthi ya oksijeni yote duniani mwake. Unajenga seli kubwa: mbili kwa mbili kwa mbili ina atomu 40, tatu kwa tatu kwa tatu ina atomu 135. Muda wa hesabu hupanda takriban kwa mchemraba wa ukubwa, hivyo kutoka 40 hadi 135 ni kazi nzito karibu mara 38, ingawa sehemu ya mzigo huo hupungua kwa kuwa seli kubwa inahitaji nukta chache za kuhesabia. Seli ya atomu 40 mwanafunzi anaweza kuifanya usiku mmoja kwenye mashine ya kawaida. Ya atomu 135 inahitaji mashine yenye viini vingi vya uchakataji na kumbukumbu ya kutosha. Kompyuta mpakato ya gigabaiti 8 haiwezi, na ni afadhali mtu alijue hilo kabla ya kununua.

Kuna oksijeni za aina mbili. Moja iko kwenye mnyororo unaofuata polaraizesheni, kati ya titani mbili, moja ikiwa karibu nayo kwa takriban angstromu 1.8 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) na nyingine mbali kwa takriban 2.4. Mbili zilizobaki ziko ubavuni na zinafanana. Mwanafunzi wangu mmoja, binti makini sana, alianza na ile ya kwenye mnyororo. Baada ya siku nne alikuja ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Hesabu imemaliza salama, lakini polaraizesheni siioni. Titani zote mbili zimekimbia pengo sawasawa."

"Marahaba. Ulipoanza, titani uliziweka wapi?"

"Katikati ya seli, Mwalimu. Nilidhani programu itazisogeza yenyewe."

Haikuzisogeza kuelekea upande mmoja, wala haingeweza. Programu hii huanza kwa kutafuta simetria za mpangilio ulioipa, yaani njia zote za kuugeuza ukabaki kama ulivyokuwa, kisha huzilinda hadi mwisho. Titani zikiwekwa katikati kabisa, ya juu ya pengo ikisukumwa juu, ya chini husukumwa chini kwa kiasi kile kile, na simetria inayoulinda usawa huo haivunjiki kamwe. Tulifungua matokeo yake na kusoma mistari ya mwanzo: simetria 16, pamoja na ile ya kugeuza kila kitu kupitia kitovu. Fuwele yenye polaraizesheni haiwezi kuwa na simetria ya kugeuzwa. Ilipasa ziwe 8 bila hiyo. Jibu la siku nne lilikuwa limeandikwa katika sekunde ya kwanza. Alianza upya na atomu za fuwele iliyokwisha kutulia katika hali yake ya feroelektriki, na safari hii titani za pande mbili za pengo zikaenda kila moja kwa namna yake. Tangu siku hiyo, kila mwanafunzi wangu husoma idadi ya simetria kabla ya kwenda nyumbani.

Mstari wa pili ninaowafundisha kuusoma ni idadi ya elektroni. Kwa sudopotenshali tunazotumia, risasi huleta elektroni 14, titani 12 na kila oksijeni 6, jumla 44 kwa seli msingi. Hivyo seli kubwa ya atomu 135 ina 1188, na ikiondolewa oksijeni moja zinabaki 1182. Oksijeni iliyoondoka ni atomu kamili isiyo na chaji, ilhali ndani ya fuwele ilikuwa imebeba elektroni mbili za ziada, na hizo mbili inaziacha nyuma. Ukitaka pengo lenye chaji chanya 2, unaiambia programu iziondoe, na mstari husoma 1180. Ukiona namba nyingine yoyote, simamisha hesabu.

Kuhusu pengo lenye chaji, lazima niseme wazi kwamba hapa ndipo programu inapokuacha ufukweni. Kwa kuwa seli inarudiwa bila mwisho, chaji ingejirundika bila kikomo, na hivyo programu hutandaza ukungu wa chaji kinyume katika seli nzima ili jumla iwe sifuri. Mapengo yanayorudiwa huhisiana, na pia huhisi ukungu huo, na nishati unayosoma si ya pengo lililo peke yake. Marekebisho yaliyo ndani ya programu ni kama yale ya Makov na Payne ya mwaka 1995, yaliyowekwa kwa ajili ya seli za mchemraba na molekuli iliyo peke yake katika uwazi, wala si kwa kasoro ndani ya fuwele ambayo nguvu zake za umeme hutofautiana kwa kila upande. Unayoyahitaji ni marekebisho ya Freysoldt na wenzake ya mwaka 2009, au yale ya Kumagai na Oba ya mwaka 2014 yanayozingatia tofauti ya pande, na hayo hufanywa nje, kwa programu nyingine kama sxdefectalign au CoFFEE, au kwa msimbo wa mkono wako. Quantum ESPRESSO inakupa malighafi zote: potenshali ya umeme katika seli nzima, wastani wake tabaka kwa tabaka, na uwezo wa fuwele kuzimua umeme kwa kila upande kutoka katika programu yake ya mitetemo. Kuzipika ni juu yako. Kwa mtafiti aliyekomaa hili ni sawa. Kwa mwanafunzi mwenye mwaka mmoja wa kumaliza shahada ni mzigo, na ninatamani siku moja waandaaji waiweke hatua hii ndani.

Bei ya oksijeni nayo inahitaji uangalifu. Ili kujua pengo linagharimu nishati kiasi gani, unalinganisha fuwele nzima na fuwele yenye pengo, kisha unaihesabu oksijeni iliyoondoka, kwa kawaida kama nusu ya molekuli ya oksijeni ya hewani. Molekuli hiyo ina elektroni mbili zinazozunguka upande mmoja, yaani ni sumaku ndogo. Usipoiambia programu izingatie hilo, itakupa molekuli isiyo na usumaku, bila onyo lolote kwa kuwa hukuuliza, na hesabu yako itapotoka kwa kama nusu ya elektronivolti (kipimo cha nishati katika ngazi ya atomu) kwa kila oksijeni. Nimewahi kukuta kosa hili katika rasimu niliyotumiwa kuisoma. Hata ukilifanya vizuri, makadirio ya PBE huifunga molekuli hii kupita kiasi, na marekebisho yanahitajika.

Tatizo lililobaki ni la mwanya, na ni kubwa. LDA na PBE huupunguza mwanya wa fuwele hizi hadi karibu nusu ya thamani ya maabara. Zile elektroni mbili zilizoachwa na oksijeni, ambazo huenda zingekaa kwenye titani za jirani, hujikuta zikimwagika katika ukanda wa nishati ulio juu ya mwanya na kutawanyika seli nzima, na mtu anaweza kuandika makala yote juu ya elektroni zilizotawanywa na udhaifu wa makadirio. Programu inatoa njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni makadirio mseto ya aina ya HSE, yanayochanganya makadirio ya kawaida na hesabu kamili ya sehemu ya mwingiliano wa elektroni, ambayo ni bora na ya gharama kubwa sana kwa mawimbi bapa. Kwa atomu 135 sijawahi kuyamaliza kwenye mashine yetu ya idara. Ya pili ni nyongeza ya Hubbard kwenye elektroni za titani, yaani nishati ya ziada inayozizuia zisitawanyike ovyo, na hapa programu inastahili sifa ya pekee, kwa kuwa ina chombo chake cha kuikokotoa thamani ya nyongeza hiyo kutoka katika fuwele yenyewe badala ya kumwacha mtu aokote namba katika makala ya mwenzake. Angalizo moja tu: kuanzia toleo la 7.1 namna ya kuandika nyongeza hiyo kwenye faili ilibadilika, na mafaili ya zamani yanayozunguka kati ya wanafunzi yanahitaji kuandikwa upya.

Polaraizesheni yenyewe programu huihesabu kwa njia ya awamu ya Berry, inayoisoma kutoka katika awamu za mawimbi ya elektroni, ile ya King-Smith na Vanderbilt ya mwaka 1993, na kwa fuwele safi jibu ni zuri, mradi mtu akumbuke kwamba namba anayopata inaweza kuruka kwa kiasi maalumu na kwamba chenye maana ni tofauti kati ya hali mbili zilizounganishwa hatua kwa hatua. Kwa seli yenye pengo njia hii mara nyingi haitumiki: seli ikiwa na chaji, polaraizesheni yake hutegemea ulipoweka kitovu, na elektroni zikimwagika ukanda wa juu, seli inakuwa kama metali. Sisi tunafanya kwa njia ya karibu zaidi. Tunachukua chaji za Born, yaani chaji ambayo kila atomu huonekana kuwa nayo inaposogea, ambazo programu ya mitetemo hutoa kwa fuwele safi, tunazidisha kwa umbali ambao kila atomu imesogea, na tunachora mshale kwa kila seli moja moja. Chaji hizo zenyewe zinafundisha: titani, ambayo kemia ya darasani huipa chaji 4, hutenda katika mnyororo huu kana kwamba ina karibu 7, kwa sababu ikisogea elektroni za oksijeni husogea kinyume chake. Mchoro wa mishale kuzunguka pengo ndio ulionifanya nibaki katika utafiti huu. Katika seli za mbali mishale imesimama kama askari wa gwaride, na ukikaribia pengo inaanza kufupika, mmoja baada ya mwingine.

Niseme kidogo kuhusu umeme. Siku ya nne ya hesabu moja ya atomu 134, umeme ulikatika jengo zima na betri ya akiba haikuwa inafanya kazi. Programu ikifa ghafla namna hiyo haiahidi kuendelea ilipoishia. Tulichofanya ni kuchukua mahali pa mwisho pa atomu palipoandikwa kwenye matokeo na kuanza tena kutoka hapo, na tukapoteza saa chache badala ya siku nne. Inapozimwa kwa utaratibu, kwa upande mwingine, huendelea vizuri. Kuna kigezo cha kuipa kikomo cha sekunde, nayo husimama yenyewe na kuhifadhi kila kitu kabla ya muda kwisha, na pia unaweza kuunda faili tupu lenye jina la kazi yako na neno EXIT, nayo ikiliona husimama kwa adabu. Kwa mgao wa umeme uliotangazwa, au kwa foleni inayokupa saa 48 tu, vigezo hivi viwili vina thamani kuliko kasi. Tulivitumia pia tulipopata nafasi kwenye Lengau, mashine ya kituo cha CHPC mjini Cape Town, ambayo jina lake ni duma kwa Kitswana, na hesabu iliyokuwa ikituchukua juma zima kwetu iliisha kabla ya siku ya pili.

Ikilinganishwa na nyingine, VASP ya Vienna ina zana nyingi zaidi za kasoro zilizojengwa na watu kuizunguka, na makadirio mseto nayaona yakienda haraka zaidi humo, lakini leseni yake inalipiwa na idara nyingi za kwetu hazina fungu hilo. SIESTA nayo ni huria na hutumia kumbukumbu ndogo kwa seli kubwa, na mwenye mashine moja tu asiipuuze, ingawa inadai uangalifu zaidi katika kuchagua misingi ya hesabu.

Anayeanza leo na titanati ya risasi ningemshauri achukue PBEsol na maktaba ya GBRV, ahakikishe kwanza uwiano wa seli safi na simetria zake 8, afanye pengo lisilo na chaji katika atomu 40 kwa oksijeni za aina zote mbili, na asiguse chaji hadi namba hizo zitulie. Nishati hutolewa kwa Rydberg, katika mstari unaoanza na alama ya mshangao. Rydberg moja ni elektronivolti 13.6, na tofauti anayoitafuta kati ya oksijeni za aina mbili inaweza kuwa katika tarakimu ya pili au ya tatu baada ya nukta, kwa hiyo zote aziandike.